Vya Kusafishia

Nimeviandika nyuma ya risiti ya luku,
kwa penseli, maana bei za Gerezani hubadilika ukipepesa macho:
tangi, spuli, kipimajoto, dawa mbili, mfuko wa giza.
Mkasi ninao. Vibanio vya nguo ninavyo.
Giza ndilo sina. Magomeni hii, hata umeme ukikatika
jirani ana taa ya sola, na mwezi hauombi ruhusa.

Semkiwa kanipangia matangi mawili juu ya gunia.
La plastiki, jeusi, jepesi, hata mtoto analiweza.
La chuma, limebonyea begani kama sufuria ya shughuli.
"Chukua la plastiki, dada, halisumbui."
Lakini mimi naijua mikono yangu mwezi wa pili,
inavyotoka jasho hata kwa kukunja shuka,
na spuli ya plastiki ikionja unyevu
huung'ang'ania mkanda njiani, haumezi, hautemi.
Nikachukua chuma.
Spuli yake niliipapasa waya kwa waya, nimefumba macho,
kwa kuwa huko iendako macho hayana kazi.
Watu walipita wakanishangaa. Wapite.

"Na haipo, unayo?"
"Haipo."
"Haipo ipo, au haipo haipo?"
Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.
Ipo. Gramu mia tano, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Dawa ya kuzuia sikununua, siki ya kachumbari inajua kazi hiyo.

Kipimajoto cha hospitali kinaanzia thelathini na tano,
hakijui kitu duniani ila homa.
Nilitaka cha maabara, kioo kirefu, kinachoijua baridi.
Hapo sikubana. Nilibana kwenye chupa,
za soda, za kahawia, nimeziokota baa;
nilibana kwenye nauli, nikarudi kwa miguu
kioo kimelala kifuani kama barua.

Mfuko wa giza sikuuona popote.
Nikafungua sanduku, nikatoa baibui la mama,
nikalikunja mara mbili, nikashona ubavu kwa ubavu,
mikononi nikatia mpira.
Kisha nikapitisha mikono yangu ndani ya mikono yake.
Hapo nisiseme zaidi.

Maji ya bomba: nyuzi thelathini na moja.
Dawa inataka ishirini. Ndiyo Dar hiyo.
Nikamtuma Chausiku barafu za mia mbili mbili,
akarudi na za ubuyu, nyekundu, moja kaing'ata kona.
Haya. Tangi halionji, linaoga tu.
Bafu letu ni moja, wapangaji sita.
Nikajifungia, nikapindua tangi, nikahesabu,
ndoo inazidi kuiva wekundu,
Mama Pazi anagonga: "Unajifungua humo?"
Dakika ya saba. "Bado kidogo," nikajibu,
na sikusema uongo.

Siki. Haipo. Maji. Maji. Maji.

Mkanda ulikaa kwenye kamera yake miaka kumi na tisa.
Nilitegemea ukungu, na ukungu nimeupata,
nimeuanika kwenye kamba, kibanio juu,
kibanio na kijiko chini usijikunje.
Picha ya kumi na moja tu ndiyo imepona.
Kasimama mlangoni, kichwa wazi, baibui begani,
aliyempiga simjui.
Na kwa kuwa ni negativu, nywele zake ni nyeupe,
zote, na baibui ni jeupe pe.
Mama alikwenda na nywele nyeusi,
hamsini hakuigusa.

Bado mashine ya kukuzia. Bado trei tatu, karatasi, taa nyekundu.
Semkiwa anasema mzigo utaingia mwisho wa mwezi,
nimpe kianzio.
Nimemwambia sina haraka.
Nikimchapa atarudi ujana.
Mwache azeeke kidogo, hapo kwenye kamba.